Mzizi na Upande wa Hasi

Shule nzima ilimwita Mzizi, na mwenyewe alijua. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye orodha ya walimu na kwenye kadi ya hospitali. Hata mkewe, akiwa amekasirika, alikuwa akiniambia mimi jirani yao juu ya ua, "Kamwite huyo Mzizi wenu aje kula, chakula kinapoa."

Jina lilitokana na fumbo. Darasa jipya la hesabu za juu lilipoingia, hakuanza na kitabu. Aliwatoa nje hadi kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maabara. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza maabara, na kila mwaka niliwasikia vizuri kupitia dirishani huku nikiosha chupa. Alikuwa na vijiti vitatu vya urefu sawa, alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye mipini ya fagio kuukuu. Alichora msalaba mkubwa chini kwa chokaa, mstari mmoja umelala na mwingine umesimama, akaweka kisigino pale ilipokutana.

"Hapa ni sifuri," alisema. "Kulia kwangu ni chanya, kushoto ni hasi. Hayo mnayajua tangu mna meno ya utoto. Leo tunaongeza mbele na nyuma. Namba changamano haikai kwenye mstari, inakaa popote kwenye kiwanja hiki. Na thamani kamili yake ni umbali wake kutoka kwenye kisigino changu. Basi. Haijali iko upande gani, inajali iko mbali kiasi gani."

Kisha akawapa fumbo lenyewe.

"Nina namba mbili. Kila moja iko umbali wa kijiti kimoja kutoka sifuri. Nikizijumlisha, jumla yake nayo iko umbali wa kijiti kimoja kutoka sifuri. Zenyewe kwa zenyewe zinaachana kwa umbali gani?"

Mwerevu mmoja hakukosekana.

"Haiwezekani, mwalimu. Moja na moja ni mbili. Moja na hasi moja ni sifuri. Hiyo jumla utaipata wapi?"

"Kunguru wewe. Umekaa kwenye waya wa umeme, unasogea kulia, unasogea kushoto, unasema dunia imekwisha. Shuka kwenye waya."

Wengine walicheka, na mwerevu akashuka. Alilaza kijiti cha kwanza kuanzia sifuri kuelekea kulia. Kwenye ncha yake akalaza cha pili, akakihangaisha huku na huku mpaka kikaelekea juu kwa mshazari, kama kinachorudi nyuma kidogo. Kijiti cha tatu kikaenea sawasawa kutoka hapo hadi sifuri. Pembetatu ya vijiti vitatu. Watu wakapiga makofi.

"Msipige makofi, hamjafika. Hiyo ncha ya juu ni jumla. Namba ya pili yenyewe mmeiazima mkaipandisha juu ya mwenzake. Irudisheni kwao."

Basi walikibeba kijiti cha pili bila kukigeuza, wakakishusha hadi kikaanzia kwenye sifuri, na ncha yake ikaangukia juu kushoto, upande wa hasi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepatazama. Hapo ndipo walipima kutoka ncha hii hadi ile. Umbali ulizidi kijiti kimoja na haukufika viwili. Ulikuwa mzizi wa tatu, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe huleta tatu. Mwaka hadi mwaka jibu lilikuwa hilo hilo, hata watoto wa madarasa ya chini, ambao hawakujua swali, walijua kwamba jibu la fumbo la mwalimu ni mzizi wa tatu. Jina likamkaa.

Zaidi ya darasa hakuwa na kitu. Hakucheza karata, hakufuga, hakupenda mpira. Watoto wao walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Jioni alikaa barazani kwake akisahihisha daftari, akiguna, na akinisikia napita alisema, "Mganga wa chupa, umelipua nini leo?" Nikimjibu hajalipuka mtu, aliona nimemaliza habari, akarudi kwenye daftari.

Kiharusi kilimpata asubuhi, akinawa uso. Mkewe alisikia beseni likianguka. Tulimbeba mimi naye hadi kwenye gari la shule, na njia nzima alizungumza bila kukwama, akiuliza nani atachukua kipindi cha pili. Mkono wa kushoto ulilegea na mguu wa kushoto ukaburuta, lakini ulimi ulikuwa wake. Wageni waliokwenda kumwona hospitalini walitoka wakicheka. Alikuwa amewatania, amemsahihisha muuguzi hesabu ya vidonge, amedai chaki. Mguu ulianza kurudi. Mkono ulirudi nusu. Sote tukasema, ameponea chupuchupu, kichwa kizima.

Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Aliniita kwenye ua siku moja mchana.

"Shemeji, njoo uone kitu, na usiseme neno."

Mzizi alikuwa mezani, amemaliza kula. Amekula wali na maharage ya upande wa kulia, amekata katikati kama kwa kisu, na nusu ya kushoto haikuguswa.

"Umeshiba?" mkewe alimuuliza.

"Nishibe na nini? Siku hizi unanipimia kama mfungwa."

Mkewe aliigeuza sahani. Mzizi alitazama, akaona chakula kimejaa, akala bila kuuliza kilikotoka.

Baada ya hapo tuliviona vingi. Alinyoa ndevu shavu moja. Mkewe akamwambia, "Naona leo umenyoa upande wa serikali, wa kwako umeuacha," naye akapapasa shavu la kulia akasema liko laini kabisa, mwanamke ana macho mabovu. Alisoma gazeti akalalamika kwamba waandishi wa sasa wanaanzia sentensi katikati. Alijigonga kwenye miimo ya milango, daima bega moja, na kila mara akailaumu milango.

Mtaalamu wa viungo, binti mpole aliyekuja nyumbani kumfanyisha mazoezi, alimpa karatasi akamwomba achore saa ya ukutani. Mzizi alichora duara, halafu akazipanga namba zote, moja hadi kumi na mbili, zikabanana upande wa kulia kama abiria wanaokwepa jua.

"Mwalimu, saa hii imekaa sawa?"

"Saa ni saa. Umeshindwa kuisoma?"

Binti alitutoa nje, mkewe na mimi, akatueleza. "Macho yake mazima. Kichwa ndicho kimeacha kupokea habari za kushoto. Msidhani anaona giza upande huo. Kwake upande huo haupo."

"Na yeye anajua?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Utakosaje kitu ambacho hujui kuwa kipo?"

Alisema wengine hupata nafuu, wengine hapana. Akatufundisha kuweka kitu chekundu upande wa kushoto, kwenye meza, kwenye ukurasa, kwenye mlango, na kumzoesha Mzizi kukitafuta kwa kichwa kizima kabla hajaanza lolote. Akikipata chekundu, amefika mwisho wa kushoto.

Mkuu wa shule alikuja siku chache baadaye. Naye alipata kuwa mwanafunzi wa Mzizi, na alipoingia alipiga goti kidogo kama zamani. Walizungumza vizuri. Alikuwa amekaa kulia kwake, kwa bahati. Lakini nje getini alimwambia mke wa Mzizi bila kuzunguka.

"Mama, ninasikia maneno. Mimi si daktari. Nitakuja kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja. Akifundisha kama ninavyomjua, anarudi kazini. Asipoweza, itabidi astaafu kwa ugonjwa. Hawa wana mtihani mwaka huu, siwezi kuwafundishia kwa huruma."

"Nimekuelewa."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri, mwanangu."

Mkuu alipoondoka, mkewe alibaki ameshika geti. "Akifungiwa darasa huyu," aliniambia, "atakaa kwenye kile kiti atazame ukuta. Na siyo ukuta mzima."

Mazoezi yakaanza. Nilitoa kanda nyekundu ya gundi, ile tunayozibia mabomba, nikaibandika kila mahali. Niliegemeza ubao mdogo kwenye ukuta wa sebule na kuupiga kanda ukingoni. Mkewe alisimama nyuma yake kama mwalimu wa zamu. "Nyekundu kwanza," alisema. Mzizi aligeuza kichwa, akageuza zaidi, akanung'unika kwamba anafundishwa kutazama na mtu aliyefeli hesabu za kugawanya, na mwishowe akaiona. Akianzia kwenye kanda, mstari wake ulienda sawa. Akisahau, aliandika maneno yote yamejikunja kulia. Siku nzuri zikawa nyingi kuliko mbaya. Nilianza kuamini.

"Utafundisha nini siku hiyo?" nilimuuliza.

"Fumbo. Hawa waliingia mwaka wao wa mtihani nikiwa kitandani, hawajatembea kwenye kiwanja. Nitawapa ubaoni, mguu huu hautaki vumbi."

"Basi tulifanyie mazoezi."

Alinitazama kama niliyemwomba afanye mazoezi ya kutaja jina la mama yake. "Nikariri kitu nilichokizaa mwenyewe? Nenda kaoshe chupa zako."

Mkewe alijaribu usiku huo na kesho yake. Alikataa. Tukajiambia kwamba kama kuna somo ambalo hawezi kulipoteza, ni hilo. Tulichohitaji ni kanda tu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe niliingia darasani wanafunzi wakiwa wametoka, nikaibandika kanda nyekundu kutoka juu hadi chini, ukingo mzima wa kushoto wa ubao mkubwa, nikairudia mara ya pili ili isibanduke.

Sikujua kwamba wanafunzi walikuwa na mpango wao. Walichangishana makopo ya rangi nyeusi, na alfajiri, kabla ya kengele, waliupaka ubao upya kumkaribisha mwalimu wao. Waliukwangua kwanza. Kanda waliiona ni uchafu, wakaibandua kwa visu.

Niliyajua hayo nilipofika mlangoni nikiwa nimembebea mkoba wake. Ubao uling'aa kama kiatu cha askari. Mkuu alikuwa ameshakaa nyuma. Mkewe alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu Mzizi alisema hataki kusindikizwa kama mtoto wa chekechea. Niliinamia bawaba ya mlango nikajifanya naikaza, nikabaki hapo.

Darasa lilisimama. Walimpigia makofi mpaka akainua mkono wa kulia kuwanyamazisha. Alifurahi mno. Sidhani kama neno nyekundu lilimpitia kichwani.

"Kaeni. Nani amepaka ubao?"

"Sisi, mwalimu."

"Mmejitahidi. Hata hivyo ubao mzuri haupitishi mtu mtihani."

Wakacheka, na Mzizi akachukua chaki. Kwa maneno alikuwa yule yule. Aliwaambia habari za kunguru na waya, akaeleza thamani kamili kwa sentensi tatu safi, akatoa fumbo. Mkuu alitabasamu kule nyuma. Halafu akaanza kuchora.

Sifuri aliiweka karibu na ukingo wa kulia. Hakuna aliyeguna, huenda walidhani anaacha nafasi ya maelezo. Akachora kijiti cha kwanza kwenda kulia, kifupi, maana nafasi ilikuwa ndogo. Akachora cha pili kutoka kwenye ncha yake, juu kwa mshazari. Akafunga na cha tatu hadi sifuri. Pembetatu ilikuwa safi, na yote ilikuwa upande wa kulia wa sifuri. Ubao uliobaki, eneo la kulaza mtu na godoro lake, ulikuwa mweusi mtupu.

"Hii ncha ya juu ni jumla," alisema. "Sasa namba ya pili tunairudisha kwao. Inaanzia sifuri. Iko wapi?"

Alitazama mchoro. Miaka yote, hapo ndipo mkono wake ulipovuka upesi kwenda kushoto. Safari hii mkono ulikaa hewani. Alitafuta kwenye kile kilichokuwapo, na kilichokuwapo ni pembetatu tu. Chaki ikashuka kwenye ncha ya juu, ile ile.

"Hii hapa," alisema. "Kwa hiyo zinaachana kwa umbali gani? Kijiti kimoja. Jibu ni moja."

Darasa zima lilijua jibu la fumbo hilo tangu lina miaka kumi na kidogo. Lilikuwa ndilo jina lake. Hakuna aliyecheka. Nilimwona kiranja, msichana mrefu wa dawati la mbele, akishusha kalamu.

"Mwalimu, samahani. Hiyo uliyogusa si ndiyo jumla?"

"Ilikuwa jumla. Sasa ni namba ya pili."

"Zinaweza kuwa mahali pamoja?"

Kabla hajajibu, mvulana mmoja wa katikati alisema kwa sauti ya upole, "Ni sawa, mwalimu. Ni moja." Na mwingine akasema ni sawa. Ikazunguka darasani, sawa, sawa, kama watu wanaomfunika mtu shuka.

Mzizi aligeuka akawatazama, wale wa kulia kwake. Uso ulikuwa umebadilika.

"Tangu lini darasa langu likakubali kitu kwa pamoja?"

Waliinamia daftari zao.

"Kiranja. Wewe hukusema sawa."

"Hapana, mwalimu."

"Njoo uthibitishe."

Msichana alikwenda ubaoni, akachukua kipande cha chaki, akasimama upande wa kushoto wa sifuri. Alichora kijiti kikielekea juu kushoto, akaweka nukta nzito kwenye ncha. Chaki ililia kwenye rangi mpya, sote tulisikia.

"Mbona huandiki?" Mzizi aliuliza.

"Nimeandika, mwalimu."

"Wapi?"

"Hapa."

Aliutazama ubao muda mrefu. Alimtazama msichana, au pale sauti yake ilipomwongoza, ambapo hapakuwa mahali alipo.

"Nasikia chaki," alisema. "Kitu sikioni."

Mkuu alinyanyuka nusu kwenye kiti. Mzizi aliupa ubao mgongo, akafumba macho. Alipoanza kusema, alisema taratibu, kama anayehesabia mtu vitu mkononi.

"Namba ya kwanza ni moja, imelala kulia. Ya pili siijui. Iende x kulia, y juu. Umbali wake ni moja, kwa hiyo x kwa x, jumlisha y kwa y, ni moja. Nikiiongezea ile ya kwanza, umbali bado ni moja. Kwa hiyo x na moja, zidisha kwa x na moja, jumlisha y kwa y, ni moja pia. Toa ile ya kwanza kwenye hii. Zinabaki x mbili, jumlisha moja, ni sifuri. x ni..."

Alikunja kidole kimoja cha mkono wa kulia.

"Hasi nusu," alisema.

Akafungua macho, akaugeukia ubao tena. "Hasi nusu. Ile ncha niliyoishika ni chanya. Haiwezi kuwa ile." Alikuwa anajisemea. "Kiranja, hasi iko wapi hapa?"

"Kushoto kwako, mwalimu."

Aligeuka. Aligeukia kulia, akazunguka mpaka akayakuta madirisha, akasimama.

"Nipeleke."

Msichana alimshika kiwiko cha mkono mzima, akamvuta pole pole kando ya ubao. Alikwenda kama mtu anayeingia chumba kisicho na taa. Msichana aliuchukua mkono wake akauweka kwenye nukta. Mzizi aliusugua ule weupe kwa kidole, akakileta kidole mbele ya uso, akakitazama.

"Uliiona hii toka ulipokaa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wote mnaiona?"

Walitazamana.

"Nimeuliza, wote mnaiona?"

"Ndiyo, mwalimu," walisema, na baadhi ya wasichana walikuwa wanalia.

Alisimama hapo na mkono ubaoni. Kisha akasema, bila kumtafuta mkuu kwa macho, "Mkuu, ulichokuja kukitafuta kimepatikana."

"Tutazungumza ofisini, mwalimu."

"Tuzungumze nini? Hesabu imetoka. Mtu wa kusahihisha nusu ya daftari hafai kwa watoto wa mtihani."

"Ningeweza kuomba muda zaidi. Upate mazoezi, halafu..."

"Nilikupa sifuri siku moja kwa kuandika jibu bila njia. Leo njia umeisikia yote. Usiniongezee alama." Akamnyooshea msichana chaki, mahali ambapo hakuwapo, na msichana akazunguka kuipokea. "Malizia. Umbali kutoka moja hadi pale."

Kiranja alimaliza. Hakuruka hatua. Moja na nusu kwa kulala, zidisha yenyewe, robo tisa. Kwa kusimama, robo tatu. Jumla tatu, mzizi wake. Mzizi alisikiliza akiwa ameelekea dirishani.

"Sahihi," alisema, akatoka. Nilisogea kumpisha mlangoni. Bega lake la kushoto liligonga mwimo, na kwa mara ya kwanza hakuulaumu mlango. Aliugusa tu, akapita.

Nyumba ilikuwa ya shule, kwa hiyo muhula ulipoisha walihamia chumba na sebule nyuma ya soko, ambako mkewe alikuwa na ndugu. Nilikwenda kuwaona kila nilipopata nafasi. Nilidhani, kwa kuwa sasa anajua, mambo yangekuwa mepesi. Kujua hakukumsaidia kuona. Alikula nusu, akakumbuka, akasema, "Kuna kingine hapa, sivyo?" na mkewe akageuza sahani. Zamani alikuwa mbishi na mchangamfu. Sasa alikuwa mwangalifu. Alikaa kitini mikono ikiwa juu ya mapaja, kama mtu kwenye nyumba ya watu asiyejua vyombo vinavyovunjika vimewekwa wapi. Mkewe alimletea gazeti, naye akasema aliache kwanza. Kanda nyekundu ilibanduka mezani, na hakuna aliyebandika nyingine.

Mwalimu mpya wa hesabu alipowasili, aliniomba nimpeleke akamsalimie. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, ana haraka na heshima pamoja. Mkewe Mzizi alitukaribisha, akaenda kuchemsha chai. Kijana alivuta kigoda akakaa kushoto, na sikuwahi kumzuia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzizi aligeuza kichwa kulia, akaukuta ukuta. "Karibu, mwanangu. Sogea huku nikuone."

Kijana alinitazama, nikamwonyesha kwa mkono, akahamia upande wa pili. Mzizi alimwona, akafurahi kidogo. Alimuuliza habari za darasa. Kijana akasema ni wazuri, hasa kiranja, yule angeweza kwenda mbali.

"Wamefika wapi?"

"Tumemaliza namba changamano, mzee. Tumeingia vekta."

"Mmemaliza." Alisugua goti. "Na lile fumbo la kiwanjani? Vijiti nilimwachia huyu wa maabara."

"Aliniambia." Kijana alikuna shingo. "Ni zuri sana. Sema silabasi ni ndefu, na lile linakula kipindi kizima. Mtihani wenyewe siku hizi wanauliza moja kwa moja, fomula basi. Labda muhula ujao, nikipata nafasi."

"Mtihani ni muhula huu."

"Ndiyo, mzee."

"Haya," Mzizi alisema.

Chai ililetwa. Tulikunywa tukazungumza habari za mvua na za paa la bweni. Kijana alipoaga, Mzizi alimshika mkono akamwambia awape mazoezi mengi ya kupima umbali, hasa namba za hasi, watoto huzisahau. Kijana aliahidi. Tulipofika njiani aliniuliza kama mzee ana watu wanaokuja kumtembelea. Nikamwambia mimi huja.